Kucheka na Kuchekecha: Ramsa, Ubaguzi na Msomali wa Kaskazini Mashariki ya Kenya

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaribiana mno masikioni: kucheka na kuchekecha. Cha kwanza ni tendo la kinywa. Cha pili ni tendo la mkono ulioshika chekecheke, unaotikisa unga mpaka ulio laini upite na chenga zibaki juu. Yamkini kukaribiana huko ni sadfa ya sauti tu. Hata hivyo ni sadfa inayofaa kuufungua mjadala huu, kwa kuwa swali la msingi katika uhakiki wa ramsa inayokabili ubaguzi ni moja: kicheko kinamwangukia nani, anayechekecha watu au anayechekechwa?

Swali hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2018, pale mwelekezi wa Kimarekani Spike Lee alipotoa filamu ya BlacKkKlansman, iliyojengwa juu ya kisa cha kweli cha askari kanzu mweusi aliyejipenyeza katika kundi la Ku Klux Klan kwa njia ya simu. Filamu hiyo ilitunukiwa huko Cannes mwaka huo huo, na mwaka 2019 ikapata tuzo ya Oscar ya mswada uliotoholewa. Mhakiki wa Afrika Mashariki anayeitazama kwa jicho la kwao hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuiga: kudhani kwamba Kenya nayo inahitaji askari kanzu wake mcheshi, atakayeumbua ubaguzi dhidi ya Wasomali na kuwafanya watazamaji waondoke wakiwa wameridhika na nchi yao. Cha pili ni kujitenga: kudai kwamba yaliyoifika Kaskazini Mashariki ni mazito mno hata yasistahili ila tanzia, na kwamba anayeyatafutia kicheko ni mtovu wa adabu mbele ya makaburi.

Makala haya yanavikana vishawishi vyote viwili. Yanadai kwamba ramsa ni silaha halali, na pengine ya lazima, dhidi ya ubaguzi aliotendewa Msomali wa Kenya, maadamu imeelekezwa kwenye chekecheke na mkono unaoitikisa. Yanadai pia kwamba, katika mazingira ya Garissa, Wajir na Mandera, shujaa wa ramsa hiyo hawezi kuwa askari.

RANGI AU KABILA?

Kabla ya kuitazama filamu yenyewe, pingamizi moja haina budi kuondolewa njiani. Wapo watakaosema kwamba kuilinganisha Garissa na mji wa Colorado Springs ni kulinganisha vitu visivyolingana: huko ni rangi, huku ni kabila, huko mweupe anambagua mweusi, huku Mwafrika anagombana na Mwafrika mwenzake. Pingamizi hii inatokana na kuzoea istilahi ya "ubaguzi wa rangi" kiasi cha kusahau kwamba kiini cha istilahi hiyo kimo katika neno la kwanza. Kubagua ni kutenga hiki na kile. Rangi ni kigezo kimojawapo cha kutengea. Pua, nywele, lafudhi na jina la babu ni vigezo vingine, na vyote vimewahi kutumika nchini Kenya kwa mamlaka ya dola.

Historia ya sheria inathibitisha hayo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria mwaka 1919 iliyowatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya "wenyeji" kwa makusudi kadha wa kadha, na katika miaka ya 1930 Wasomali wa Isaaq walipigania kutozwa kodi na kutambuliwa katika daraja moja na Waasia. Msomali, basi, aliingia katika daftari za Kenya kama suala la mbari, si kama kabila moja miongoni mwa makabila. Sheria za mwaka 1902 na 1934 zikaifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini: mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali, na watawala wakapewa uwezo wa kuziadhibu jamii nzima nzima. Uhuru haukuliondoa komeo hilo. Vita vilivyoitwa vya Shifta vilipiganwa kuanzia mwaka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kulitawala eneo hilo hadi mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali na mashtaka kwa matendo yao ya wakati wa vita hivyo. Raia aliyezaliwa Garissa mwaka 1963 alifikia umri wa miaka 28 pasipo kuishi siku moja chini ya sheria zile zile zilizomlinda mwenzake wa Nyeri au Kakamega.

Kilele cha mambo haya kilifika mwaka 1989. Mwezi wa Novemba mwaka huo serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliotimu miaka 18 wajitokeze kuhakikiwa. Waliofaulu mbele ya kamati za uhakiki walipewa kadi ya rangi ya waridi, ambayo walitakiwa kuibeba pamoja na kitambulisho cha taifa. Hapa historia yenyewe imeandika kinaya ambacho hakuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kukibuni. Dola iliyopigana vita kwa miaka minne ili kuthibitisha kwamba Wasomali wa eneo hilo ni Wakenya, wapende wasipende, iligeuka baada ya miaka 22 na kuwataka wao wenyewe wathibitishe kwamba ni Wakenya. Dola iliyouhesabu ukoo wa Kisomali kuwa adui wa taifa iliketi mezani na kumtaka raia ataje ukoo wake ili aruhusiwe kuwa wa taifa hilo. Rangi, kwa hiyo, haikukosekana Kenya. Ilihamishwa kutoka kwenye ngozi ikapakwa kwenye kadi.

NANI ANACHEKWA NA SPIKE LEE?

Kisa cha Ron Stallworth ni chepesi kusimuliwa. Alikuwa mpelelezi wa kwanza mweusi katika polisi ya Colorado Springs. Mwaka 1978 aliona tangazo la Ku Klux Klan gazetini, akalijibu kwa jina lake halisi, kisha akaendeleza mazungumzo kwa simu kama mzungu mwenye chuki. Ilipolazimu kuonana ana kwa ana, mwenzake mzungu alikwenda kwa jina hilo hilo. Stallworth alipata kadi ya uanachama na akazungumza mara kadhaa na kiongozi wa kundi, David Duke, ambaye hakushuku lolote. Kitabu chake kilitoka mwaka 2014. Lee alikitohoa kwa uhuru mkubwa: alikirudisha kisa nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akamfanya yule askari mzungu kuwa Myahudi, na akaongeza njama ya bomu ambayo haikuwamo katika upelelezi wenyewe.

Siri ya ramsa hii imo katika sikio. Katika tukio linalokumbukwa kuliko yote, Duke anajisifu kwamba yeye humtambua mtu mweusi kwa namna anavyotamka maneno, naye anajisifu hivyo kwa mtu mweusi anayezungumza naye kwenye simu. Mtazamaji anacheka. Lakini anacheka nini hasa? Hachekeshwi na matamshi ya Weusi, ingawa matamshi ndiyo mada ya mazungumzo. Anachekeshwa na mtu anayedai kujua na hajui. Ubaguzi, kabla haujawa chuki, huwa ni dai la elimu: mbaguzi hudai kwamba anaweza kumsoma mwenzake usoni, kwenye ngozi, kwenye ulimi, na kwamba usomaji wake haukosei. Lee analichukua dai hilo, analiweka kwenye mtihani, na kulionyesha likifeli mbele ya hadhira. Adhabu ya namna hiyo hotuba haiwezi kuitoa. Mbaguzi akiambiwa ni mwovu huvimba kichwa, kwa kuwa uovu una haiba yake. Akionyeshwa kuwa ni mjinga aliyedanganywa kwa miezi kadhaa na mtu aliyemdharau, haiba hiyo humtoka.

Isitoshe, Lee hakukiacha kicheko kimalize filamu. Mwishoni anaingiza picha halisi za Charlottesville za mwezi wa Agosti 2017, ambapo wabaguzi waliandamana na mwanamke mmoja akauawa kwa kugongwa na gari. Mtazamaji aliyekwisha kujipongeza kwa kuwacheka wajinga wa jana anakutana na wajinga wa leo wakiwa na mienge mikononi. Hatua hiyo inakipa kicheko kilichotangulia mpaka wake: ujinga wa mbaguzi umeumbuliwa, ila nguvu zake bado anazo.

ULIMI WA MSOMALI JUKWAANI

Msomaji na aulete sasa mtihani huo nyumbani. Vichekesho vya Kenya vina urithi mrefu wa kuiga lafudhi. Tangu enzi za Vitimbi na Vioja Mahakamani katika redio na televisheni ya taifa, mhusika amekuwa akitambulishwa kwa ulimi wake kabla ya kutambulishwa kwa jina. Urithi huo hauna budi kuheshimiwa. Ndio uliowapa Wakenya wa makabila mbalimbali fursa ya kusikiana. Lakini tazama yaliyompata Msomali katika urithi huo. Katika vichekesho vya majukwaani yeye aghalabu ni kitu kimoja kisichobadilika: anaitwa "warya," amebeba bunda la noti, anatafuna miraa, na akitaka kusema polisi anasema "bolisi." Hadhira inacheka. Kinachochekwa hapa ni nini?

Kisomali hakina sauti ya p. Hilo ni jambo la fonolojia, sawa na kukosekana kwa sauti nyingine katika lugha nyingine za Kenya. Ila kuligeuza jambo la fonolojia kuwa alama ya kumtambulisha mtu asiye wa hapa si kazi ya fonolojia. Kitabu cha Waamuzi katika Biblia, sura ya 12, kinasimulia namna Wagileadi walivyokaa kwenye vivuko vya mto Yordani wakiwataka wapitaji watamke neno Shibolethi, na kila aliyeshindwa sauti ya sh akauawa. Mchekeshaji anayeiga "bolisi" hamuui mtu. Anachofanya ni kuifundisha hadhira mtihani wa kivukoni na kuufanya mtihani huo uwe mtamu. Mtazamaji anarudi nyumbani akiwa na sikio lililonolewa, na kesho yake sikio hilo hilo ndilo litakalomwuliza konda, mwenye nyumba ya kupangisha au karani wa ofisi ya usajili: huyu ni wetu kweli? Linganisha na David Duke. Spike Lee alilicheka sikio lenye kudai kutambua. Jukwaa linalomwiga Msomali linalinoa.

Watetezi wa vichekesho hivi wana jibu moja ambalo wamelizoea: kila kabila huchekwa. Mkikuyu huchekwa kwa r na l zake, Mluhya kwa chai yake, Mjaluo kwa majivuno yake, na Msomali asijifanye yai. Hoja hii ina sura ya usawa bila usawa wenyewe. Uzito wa mzaha haupimwi ukumbini peke yake. Hupimwa na kinachomngojea anayechekwa akisha kutoka ukumbini. Baada ya mwaka 1989 wote hao walitoka na kitambulisho kimoja mfukoni isipokuwa Msomali, aliyehitaji viwili. Mwezi wa Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali kutoka Eastleigh, walikusanywa na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Hapakuwa na msako wa namna hiyo wa wapenzi wa chai. Mzaha wa mitaani wa kumwita mkazi wa Eastleigh mashine ya kutolea pesa haukuwa mzaha tu kwa aliyelazimika kuzitoa ili aachiliwe. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, na hapa usaha ulikwisha kuwapo kabla ya mzaha.

Haya yasisomwe kuwa wito wa kuvifunga vichekesho. Kenya ina mifano yake ya kicheko kilichopanda juu badala ya kushuka chini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Redykyulass lilimwiga Rais Moi, mtu ambaye miaka michache kabla ya hapo kumwiga kungekuwa kosa la kufungwa. Tangu mwaka 2009 vikaragosi vya XYZ Show, vilivyobuniwa na mchoraji Gado, viliwavua mawaziri na marais heshima wasiyoistahili. Ufundi upo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuuelekeza ufundi huo kwenye meza ya uhakiki wa uraia.

ASKARI SI SHUJAA WA KILA NCHI

Hapa ndipo kishawishi cha kuiga kinapostahili kukataliwa kwa ukali. Hata huko Marekani filamu ya Lee haikupita bila lawama. Mwelekezi Boots Riley, katika mwezi ule ule wa Agosti 2018, alilalamika kwamba filamu imemsafisha askari: Stallworth halisi, alisema, alitumiwa pia kuzipeleleza harakati za Weusi wenyewe, na ile njama ya bomu iliyobuniwa inawafanya polisi waonekane kuwa adui mkuu wa ubaguzi. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini hata mtu akiikataa kwa ajili ya Colorado, hawezi kuikataa kwa ajili ya Garissa. Katika kisa cha Stallworth, kwa mara moja walau, sheria ilishika chekecheke ikawachekecha wabaguzi. Katika Kaskazini Mashariki sheria ilishika chekecheke ikawachekecha raia.

Matukio yenyewe yanajulikana, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeyaorodhesha. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, walikokaa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walitengwa na wengine, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wakavuliwa nguo na kuachwa juani. Serikali ilikiri vifo 57, wakati manusura na watafiti hutaja mamia na hata maelfu. Mwaka 2014 ukafuata ule wa Kasarani. Mhakiki wa sanaa za maonyesho hawezi kukosa kuona kinachozifunga pamoja sehemu hizo tatu. Uwanja wa watoto kuchezea, uwanja wa ndege kutua, uwanja wa mpira: kila mara dola imechukua mahali pa wazi pa umma ikapageuza jukwaa, ikawapanga raia juu yake, na kujipa yenyewe nafasi ya mwelekezi na ya mtazamaji kwa pamoja.

Katika historia ya namna hiyo, askari kanzu mcheshi atakayewekwa katikati ya hadithi atakuwa ameletwa kusafisha jukwaa hilo, seuze kulifichua. Filamu ya Eye in the Sky ya mwaka 2015, iliyoelekezwa na Gavin Hood, inatoa onyo. Kisa chake kimewekwa Eastleigh ingawa ilipigwa Afrika Kusini, na mhusika wake wa kuvutia zaidi ni mpelelezi Msomali, anayeigizwa na Barkhad Abdi, aliyejibadilisha kuwa mchuuzi wa mtaani. Ni jasiri, ni mwerevu, na mtazamaji humpenda. Lakini bei ya kupendwa kwake ni kazi yake: Msomali mwema ni yule anayewachunguza Wasomali wenzake. Filamu hiyo si ramsa wala haisimulii tukio la kweli. Hata hivyo inaonyesha waziwazi kile ambacho ramsa ya kuiga ingekirudia kwa kicheko.

Haki inadai pia kusemwa kwamba askari wengi wa Kenya, wakiwemo Wasomali, wamekufa kwa mabomu ya al-Shabaab katika barabara za Garissa, Lamu na Mandera. Kuikataa nafasi ya askari kama shujaa wa ramsa hakumaanishi kuidharau damu hiyo. Askari anaweza kuwa mhusika, na anaweza kuwa mtu mwema. Asichoweza kuwa ni kioo ambacho mtazamaji wa Wajir atajitazamia.

BASI LA MANDERA

Kama askari hafai, ni nani? Jibu halihitaji kubuniwa. Mwezi wa Novemba 2014 al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 wakaingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini, wakaua watu 148. Chekecheke ilikuwa imehama mikono. Wanaopinga taifa walikuwa wamejifunza, au wamegundua wenyewe, mbinu ile ile ya kuwapanga watu mstari na kuwauliza wao ni nani. Kisha, tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lingine lililokuwa likielekea Mandera lilisimamishwa, abiria wakaamriwa wajitenge, Waislamu upande mmoja na Wakristo upande wa pili. Wakakataa. Wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliopinga kutengwa. Alipigwa risasi na akafariki mwezi wa Januari 2016.

Kisa hicho kilifanywa filamu fupi ya Watu Wote mwaka 2017, iliyoelekezwa na Mjerumani Katja Benrath na kuchezwa kwa Kiswahili na Kisomali, nayo ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Ni filamu ya heshima. Mhusika wake mkuu, Jua, ni mwanamke Mkristo aliyeondokewa na mume na mtoto mikononi mwa magaidi, na safari yake ndani ya basi ni safari ya kutoka katika chuki iliyo na sababu. Mwelekezi ameichukua njia ya tanzia, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Lakini uhakiki una wajibu wa kutaja kile ambacho heshima ya filamu imekipitia juujuu: tendo lililookoa maisha ndani ya basi lile ni tendo la ramsa.

Kujifunika vazi la mwingine ndiyo hila kongwe kabisa ya vichekesho vya dunia. Tangu ramsa za Wayunani hadi za Shakespeare na Molière, watu huvaa nguo zisizo zao, na mwenye mamlaka, anayeamini kwamba nguo ndiyo mtu, hudanganyika. Abiria wa El Wak walimtendea mwenye bunduki kile Stallworth alichomtendea Duke. Mwenye bunduki alidai kujua tofauti ya Mwislamu na Mkristo kwa kutazama. Mtandio mmoja ulitosha kulitia dai hilo shakani. Tofauti ni kwamba Stallworth alikuwa na idara ya polisi nyuma yake, na abiria hao hawakuwa na lolote ila vitambaa na maneno. Hawakuwa na sare ya kuvua kabla ya kujibadilisha. Ushujaa wa kujigeuza, katika kisa cha kweli cha Kaskazini Mashariki, ulikuwa wa raia.

HESHIMA KWA WAFU

Wenye kudai kwamba yaliyotokea Wagalla na Garissa yaachiwe tanzia peke yake wanastahili kujibiwa kwa upole, kwa kuwa hoja yao inatoka penye uchungu. Kazi kama filamu ya kumbukumbu ya Judy Kibinge kuhusu Wagalla, iliyotoka mwaka 2015, zilikuwa za lazima. Palipokuwa na ukimya wa miaka 30, kilichotakiwa kwanza ni ushahidi, na ushahidi hautolewi kwa mzaha. Hakuna anayedai kwamba mtu aliyelala juani Wagalla achekwe, wala kwamba usiku wa bweni la Garissa ugeuzwe kichekesho.

Hata hivyo tanzia ina udhaifu wake, nao hutajwa kwa nadra. Humfanya mtazamaji aliye mbali amwonee huruma Msomali, na huruma si usawa. Msomali wa tanzia ni maiti au mfiwa. Hatoi hoja, hadanganyi mtu, hamshindi mtu akili. Zaidi ya hayo, tanzia humpa mchekechaji ukuu asiostahili. Humfanya jabali la uovu, ilhali mara nyingi alikuwa karani mwenye fomu, aliyeuliza maswali ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuyajibu. Ni nani kati ya wajumbe wa kamati yoyote ya uhakiki angeweza kuthibitisha kwa hati mahali alipozaliwa babu wa babu yake? Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu mababu zake kwa kichwa tangu utotoni. Mbele ya meza ile, aliyeulizwa ndiye aliyekuwa na elimu, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa na mhuri. Hilo ni tukio la ramsa lililo tayari, na limesubiri mwandishi tangu mwaka 1989.

Wala waandishi hawatakosa vyombo. Ngano za Kiswahili zinamjua Abunuwasi, ambaye hulishinda neno la Sultani kwa kulitii mpaka mwisho wake wa kipuuzi. Ngano za Kisomali zinamjua Cigaal Shidaad, mwoga mashuhuri ambaye woga wake ni hekima ya mtu anayeishi katika nchi yenye hatari. Abunuwasi akiambiwa athibitishe uraia wake kwa kumtaja kila babu, ataketi awataje mpaka kamati ilale usingizi, kisha awaulize wajumbe zamu yao ni lini. Cigaal akiiona kamati, atajiuliza ni nani kati yao anayeogopa zaidi. Kicheko cha namna hiyo hakimdhalilishi mtu yeyote aliyekufa, kwa kuwa shabaha yake ni mchujo uliotangulia vifo.

HITIMISHO

Suala hili halijapitwa na wakati. Kadi ya waridi ilikwisha kutoweka, na mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki wa ziada waliowekewa wakazi wa kaskazini walioomba vitambulisho. Tangazo hilo linakiri kwamba, miaka zaidi ya 35 baada ya amri ya 1989, uhakiki wenyewe ulikuwa ungali hai kwa jina lingine. Sheria yaweza kufutwa kwa saini. Sikio lililofundishwa kumtambua mgeni katika neno "bolisi" halifutiki kwa saini, na kazi hiyo inawahusu wasanii na wahakiki moja kwa moja.

Wajibu unaofuata ni bayana. Wachekeshaji waache kujificha nyuma ya hoja ya kwamba kila kabila huchekwa, mpaka waonyeshe kwamba kila kabila lilichekechwa. Wafadhili na waelekezi wasiagize askari kanzu kutoka Colorado kuja kuiokoa Garissa. Idara za fasihi, ikiwemo ile itakayowafunza walimu katika Chuo Kikuu cha Garissa chenyewe, zifundishe ramsa kama utanzu wenye hoja, na ziwape wanafunzi ile amri ya mwaka 1989 kama matini ya kuigizwa. Mwanafunzi wa Garissa atakayeiandika tamthilia hiyo hatahitaji kubuni mengi. Atahitaji meza, mhuri, foleni ya watu wanaojua majina ya mababu zao, na ofisa mmoja anayeombwa, kwa adabu zote, ataje ya kwake.